Mai

Jumanne usiku, ghorofani kwa Mbwarahaji mshona kanzu,
niliandika ubaoni njia saba za kusema “naona” kwa Kiingereza.
Zote za adabu. Maana Mzungu, niliwaambia,
haingii na rai yake mlangoni bila kubisha:
hupiga hodi mara mbili, hufuta miguu,
ndipo akasema ukuta wako mbaya.

Wanafunzi watano. Umeme nusu.
Lali Bunu, mwashi, alikuja na tokaa kwenye kope,
akanakili kwa penseli ya seremala, kwa tahajia ya masikio yake:
Ai thinki. Ai filu. In mai opinyoni.

Akainua mkono.
“Mwalimu, mbona kila rai yao huanza kwa ukelele?
Ai! Nani kawafinya?”
Tukacheka. Yeye hakucheka.
“Na huku opinyoni ni wapi? Kama sokoni, kama kisimani?
Na in mai, ni ndani ya mai?”

Nikafuta, nikaeleza. Mai ni yangu.
“Kwao,” akasema. “Kwetu Amu, mai ni ya kunwa.”

Alikuwa na kesi, Mkomani.
Bibi mmoja Mbelgiji amenunua nyumba ya matumbawe
na anataka simiti toka msingi hadi dari,
nyeupe, laini, kama yai lililomenywa.
“Ukuta ule hunwa mai kutoka tini,” Lali alisema.
“Tokaa huyaacha yatoke. Simiti huyafungia ndani,
na ukuta huoza umesimama, mtu akiusifu.
Nimeshamwambia no. No ni fupi, haikufika.
Nipe neno la kati,
lisiwe no, lisiwe yesi bosi.”

Wiki mbili tukarudia.
“Ifu yu aski mi” ilimkwama kooni.
“Hajaniuliza, Mwalimu.
Nitasemaje ukiniuliza, na hajaniuliza?”
Sikuwa na jibu. Nikapangusa chaki.

Nami ni nani wa kufundisha haya?
Mwaka juzi, mkaguzi aliponiuliza kama vitabu vinatosha,
nilijibu “iti mei bi sedi”: yaweza kusemwa.
Na nani? Lini?
Vitabu vilikuwa sita, watoto arubaini na mmoja,
na mimi nimejifunika kitenzi kisicho na mtu,
gubigubi, hata macho hayaonekani.

Ijumaa baada ya swala akanijia dukani, mbele ya majora.
Zote saba zilimtoka, alisema, pale pale mlangoni.
Basi akachutama, akaweka kiganja ukutani,
chini, kimo cha goti, chumvi inapochanua kama unga.
Yule bibi naye akachutama, akaweka chake.
Wakakaa hivyo. Kitambo.
“Ai,” Lali akasema. “In mai.”
Opinyoni ikamponyoka.

Bibi akatazama kiganja chake kilicholowa.
“Yorsi?” akauliza. Wako?

Hapo Lali alinyamaza kidogo, anasimulia huku anakuna tokaa kuchani,
maana ukuta si wake, hati si yake,
ila babu yake ndiye aliyeukandika mwaka wa nzige,
na alama ya vidole vyake ingali juu ya kidaka cha tatu.
“Nikamwambia yesi,” akasema. “Nimekosea?”

Mifuko kumi na minne ya simiti iko dakani hadi leo,
imefunikwa turubai.
Haijafunguliwa. Haijarudishwa.

Mimi nimebakiwa na daftari lake.
Ukurasa mzima sentensi moja, penseli nene:
Ai in mai.
Kalamu nyekundu iko mkononi tangu magharibi.
Hakuna kitenzi. Hakuna kiima kinachokubalika.
Nimeacha pambizo wazi.

Mkaguzi anarudi Alhamisi.
Vitabu sasa ni vitano.